Akaleta Maji, Basi

Chumba namba tisa, chuo cha ualimu, Soroti,
saa mbili asubuhi, mabati bado yana umande,
na mwamba ule juu ya mji umekaa kama mtu aliyesusa.
Vitabu vinne, wanafunzi thelathini na mmoja.
Nanakili utenzi wa kale ubaoni
kwa chaki inayovunjika kila nikifika penye vita.

Leo ubeti wa mia na kumi na saba,
ambao miaka yote niliuruka
nikikimbilia panga na farasi:

    Bwana kaketi kitini
    Wageni wa barazani
    Mjakazi mlangoni
    Akaleta maji, basi.

Okiria kanyosha mkono kabla sijageuka.
"Mwalimu, Kiswahili kwetu hakikuja na tenzi.
Kilikuja usiku, kimevaa buti,
kikamwambia babu: toka nje, lala chini.
Mpaka leo bibi akikisikia redioni
hutia komeo."
Darasa likacheka, halafu likanyamaza.
Nikasema ndiyo, ni lugha hiyo hiyo,
na tuone basi ni nani mwingine
iliyemsimamisha mlangoni.

Nilidhani nimesema jambo.
Maelezo nilikuwa nayo tayari: pwani, utumwa, tabaka, karne.
Lakini Asekenye, wa dirisha lisilo kioo,
anayefika kila siku na ukosi uliolowa
kwa kuwa analala kwa shangazi, na kodi yake
ni madumu sita ya kisimani kabla ya jua,
akauliza swali lisilomo katika mtihani:

"Hiyo *basi*, mwalimu, ni ya nani?
Ni yeye kasema basi, kachoka?
Au ni mshairi, hana haja naye tena?"

Nikalitazama neno.
Miaka kumi na minne nimelifundisha
kama kizibo cha kina, mizani mbili za kujazia.
Ebunyu akasema kina kilidai.
Mtu wa nyuma akauliza kisima kilikuwa mbali kiasi gani,
na mwingine, kama yule mjakazi naye alikunywa.
Kengele ikalia. Hakuna aliyeinuka.

Ijumaa nikakuta mezani karatasi iliyochanwa daftarini,
pembe moja imevimba kwa maji:

    Mlangoni nimekaa
    Nami pia nina njaa
    Jina mmelikataa
    Kiu yenu naihisi.

Nikahesabu kwa vidole. Nane, nane, nane, nane.
Nilitafuta kosa, Mungu anisamehe, nikalikosa.
Nikaandika "Vizuri" kwa wino mwekundu,
nikaona aibu, nikaikata,
ikabaki inasomeka.

Jioni, nyumbani, niliketi kitini.
Mlango wa jikoni ukalia bawaba.
Yule binti wa kutoka Karamoja, mwaka wa pili sasa kwetu,
akaweka glasi juu ya kitambaa cha mke wangu,
akarudi nyuma hatua mbili.
Mke wangu humwita Wee. Watoto humwita Dada.
Mimi simwiti, naye huja.

"Jina lako hasa ni nani?"

Akaiangalia glasi, kama imepasuka.
"Nakiru," akasema,
kwa sauti ya mtu anayekiri kosa.
Nikasema asante. Sikuwa na la kuongeza,
mimi ninayelipwa kwa ufasaha.
Maji nikayanywa. Yalikuwa baridi, matamu.

Usiku nikaenda jikoni kutafuta kiberiti
nikamkuta amechuchumaa penye mwanga wa makaa,
anakunja gauni lake la pili,
anafunga kila kitu ndani ya shuka.
Alidhani namfukuza.

Nyuma yake, ukutani, madumu yamejipanga, yamejaa.
Maji ya kesho alikuwa ameshayachota.